Ripoti Yangu Kuhusu Klachi ya Haji

Nimeandika makala nyingi maishani, baadhi zikachapishwa, na rafiki zangu wawili watatu wamedai kuzisoma. Ni moja tu iliyowahi kubadilisha maisha ya mtu. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, kuhusu mlio wa klachi ya gari. Kama ningeweza kuipata leo ningeitafuna bila chumvi.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapigania uhuru waliojificha msituni. Nilikuwa kijana wa chuo kikuu, nimerudi Meru kwa likizo ndefu, nikivaa koti la chuo lenye nembo kifuani hata jua likiwaka. Nilikuwa nimesoma fizikia mwaka mmoja kabla ya walimu kunishauri kwa upole nijaribu historia. Habari za upole huo hazikufika Meru. Nyumbani nilikuwa msomi, na msomi akirudi mjini huwa kama shoka jipya: kila mtu ana gogo lake anataka lipasuliwe.

Gogo la kwanza lililetwa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye sote tulimwita Haji, ingawa yeye mwenyewe alikiri kwamba safari ya Makka alikuwa bado anaipanga. Alikuwa na bucha karibu na msikiti, na gari dogo aliloling'oa viti vya nyuma ili libebe miraa. Miraa haisubiri mtu. Ikichumwa Kangeta asubuhi na kufungwa kwa majani ya mgomba, ina siku mbili za heshima, kisha ni ya kuwashia moto. Kwa hiyo Haji alitaka mwendo. Alikuwa amesikia kwamba Wazungu wa Nairobi wanaoshindana kwa magari hutoa klachi iliyokuja na gari wakatia nyingine yenye springi ngumu, isiyoteleza mlimani hata ukiilazimisha. Akasafiri, akainunua, akairudisha imefungwa kwenye kanzu yake kama mtoto mchanga. Kwa majuma matatu hakuna gari la miraa lililompita kwenye mlima wa Nyambene. Kisha klachi ikaanza kulia.

Dereva wake alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Alikuwa Mwembu wa Kianjokoma, na miaka ile Mwembu hakukaa Meru kwa sababu tu ameoa Meru. Alikaa kwa muhuri. Pasi yake iligongwa upya kila baada ya miezi michache, na haikugongwa bila neno la mwajiri kwamba huyu ni dereva mwema na kazi yake inahitajika. Bila muhuri angerudishwa kwao, akalale katika kijiji chenye uzio wa miba, na kila asubuhi apelekwe ukingoni mwa msitu wa mlima kuchimba handaki lile ambalo serikali ilitaka liwatenge watu wa msituni na chakula. Kazi hiyo haikuwa na malipo. Ilikuwa na bunduki tu. Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Muhuri wa shemeji ulikuwa unakwisha Ijumaa.

Jumatatu ya juma hilo Haji aliniita kwa fundi. Klachi ilikuwa imelia mara ya tatu katika miezi miwili, na mara zote tatu kitu kilichokufa kilikuwa kile kile.

Fundi alikuwa mzee wa mjini ambaye babu zake walifika Meru na misafara kutoka pande tatu tofauti, na yeye akaishia kuzungumza lugha sita na kutukana kwa saba. Alifanya kazi chini ya mabati nyuma ya bucha. Hakuwa na vifaa vingi. Alikuwa na kijiti kikavu cha mti mgumu. Ncha moja aliigusisha kwenye giaboksi, nyingine akaiuma kwa magego, kisha akaziba masikio kwa vidole.

"Masikio yanadanganywa na upepo," aliniambia alipokitoa kijiti. "Meno hayadanganywi. Ingia ndani, msomi, nikufundishe. Sitaki karo."

Niliketi kwenye usukani. Koti nililivua, nikalikunja nembo ikiwa juu.

"Toa gia. Mguu juu. Unasikia nini?"

"Kama kokoto ndani ya debe."

"Sasa kanyaga klachi mpaka chini."

Kokoto zikanyamaza.

"Hiyo si ugonjwa," alisema fundi. "Klachi ya kawaida iko na springi ndogo hapa katikati, zinabembeleza giaboksi isitikisike. Hii ya mashindano haina. Ni mtu bila adabu, basi. Haumwi. Wengi wangefungua gari kwa sababu ya hiyo kelele wakule pesa ya Haji bure. Sasa achilia. Gusa pedali kidogo tu, kama unagusa shavu la mtoto."

Niligusa. Gari likapiga ukelele uliomfanya mbuzi wa bucha akate kamba.

"Hiyo ndiyo," fundi akasema. "Ingelia pedali ikiwa chini kabisa, ningetafuta bushi, ile pete ya shaba kule mbele. Lakini inalia ukigusa tu. Ni kaboni."

Alinionyesha kaboni mbili za zamani alizokuwa ameziweka juu ya gunia. Ni pete nene, nyeusi kama makaa, inayoisukuma klachi kila mguu unapokanyaga. Haina gololi wala haitiwi mafuta. Inasuguliwa na kuliwa polepole, na kwa dereva wa kawaida huishi miaka. Hizi zilikuwa zimeliwa mpaka chuma, na ukingo wake ulikuwa na rangi ya buluu, rangi ya chuma kilichoungua.

Hapo fizikia yangu ya mwaka mmoja ilifufuka. Msuguano! Joto! Mgandamizo mara muda! Nilishuka garini nikiwa tayari nimepata jibu, na jibu lilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba lilikuwa sahihi.

Shemeji alikuwa amesimama kando na kofia mkononi. Haji alikuwa amekalia kreti. Na kulikuwa na karani wa boma, aliyekuja kununua matumbo, akalipa, akafungiwa kwenye gazeti, lakini akabaki kusikiliza.

"Shemeji," nilisema, kwa sauti ya mkaguzi wa shule, "gari likiwa limesimama na injini inawaka, wewe huweka mguu kwenye klachi? Jibu ndiyo au la."

Alinitazama, akamtazama karani, akatazama kofia yake.

"Ndiyo."

"Kwa muda mrefu?"

"Ndiyo."

"Kila safari?"

"Kila safari, muthoni."

Muthoni ni mkwe, kwa Kiembu na kwa Kimeru vilevile. Neno hilo lina uzito wake. Mtu aliyeoa kwenu hakubishii mbele za watu, hasa wewe ndugu wa mkewe. Ukimwambia jua ni jeusi atasema naam, kisha atatafuta mzee wa kuja kukueleza faraghani, siku nyingine, baada ya chakula. Na wewe kwa upande wako humwulizi maswali ya kumvua nguo hadharani. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya desturi, nusu yangu, na nilikuwa nimeiacha chuoni pamoja na masanduku.

Fundi alikohoa. "Msomi, umeuliza mguu unakaa wapi. Uliza gari inasimama wapi."

"Hilo halihusiani," nikajibu. "Msuguano hauna habari na mahali."

"Na hizi springi ngumu? Zinasukuma kaboni mara mbili ya kawaida."

Nilimtazama Haji, aliyezinunua hizo springi na aliyekuwa akifurahia sana hotuba yangu, nikasema springi hazina kosa. Naandika haya kwa aibu: nilikuwa nimealikwa pilau kwake siku ile.

"Niandikie," Haji akasema. "Kwa Kiingereza. Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, ameniuliza mara mbili kwa nini gari langu linakufa mikononi mwa Mwembu. Siku hizi kitu kikiharibika hawatafuti fundi, wanatafuta mkono uliokiharibu. Nataka karatasi ionyeshe si hujuma. Ni mguu tu."

Alikuwa na nia njema, nakiri. Na mimi nilidhani namwokoa shemeji. Niliandika vipengele vinne, nikatia mchoro mdogo wa kaboni, na katika kipengele cha nne nikaandika kwamba dereva ana mazoea mabaya ya kulalia klachi. Neno la mazoea nililipigia mstari. Chini nikatia sahihi na jina la chuo. Fundi akatia kaboni ya nne, na Jumanne Haji akapeleka karatasi bomani, akiwa na furaha kama mtu aliyepeleka cheti cha daktari.

Alhamisi nilikwenda Kangeta na shemeji kumsalimia shangazi yangu. Tulikwenda asubuhi, gari tupu, klachi ikibabatisha kokoto zake bila adabu lakini bila ukelele. Nilimtazama mguu njia nzima. Akibadilisha gia alikanyaga, akimaliza aliuondoa na kuuweka sakafuni. Niliudhika. Nilidhani anajionyesha kwa sababu nipo.

Tuliporudi, gari limejaa miraa mpaka darini, tulifika kwenye kizuizi kabla ya mji. Kulikuwa na gogo juu ya mapipa mawili, mteremkoni, na homugadi wanne, askari wa vijijini waliopewa bunduki na serikali, na magari matatu mbele yetu. Shemeji alisimamisha gari. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kushuka kwenye gia.

"Mikono!"

Mkono ukarudi juu ya usukani upesi kama uliochomwa.

"Iko juu, afande."

"Juu kabisa nione vidole! Injini isizimwe!"

Hiyo ilikuwa amri ya kizuizi kile. Injini iwake, maana siku moja lori la mtu lilizimwa likakataa kuwaka, likaziba njia bwana mkubwa akiwa anapita. Na mikono yote miwili iwe juu ya usukani, ionekane, maana mkono ukishuka chini ya dirisha nani ajue unashika gia au unashika kitu kingine. Gia ya gari la Haji ilikuwa chini, katikati ya viti. Breki ya mkono nayo chini. Kwa hiyo gari lilibaki ndani ya gia, injini ikiwaka, mteremkoni, na kilicholizuia lisimrukie homugadi kilikuwa miguu miwili ya shemeji: wa kulia kwenye breki, wa kushoto kwenye klachi, mpaka chini, dhidi ya springi zile za mashindano. Viungo vyake vyote vinne vilikuwa vimepewa kazi na serikali.

Homugadi mmoja alikuwa jirani wa shangazi yangu, mtu niliyewahi kuchunga naye mbuzi. Alikuja dirishani kwangu.

"Huyu ndiye wa chuo," aliwaambia wenzake. "Wewe, sema kitu kwa Kiingereza tusikie kama fii ya shule aliyolipa baba yako ilipotea."

Walicheka. Mwingine alikuwa upande wa dereva, akiifungua pasi ya shemeji ukurasa baada ya ukurasa, polepole, na kwa yakini naamini alikuwa hajui kusoma, maana aliishika juu chini.

"Mwembu, leo gari yako imenyamaza. Juzi ilikuwa inalia kama fisi mwenye mimba. Umeipatia dawa?"

"Imetengenezwa, afande."

"Na wewe utatengenezwa lini?"

Nilitazama saa yangu, zawadi ya kufaulu. Dakika kumi. Dakika ishirini. Goti la kushoto la shemeji lilianza kutetemeka, kwanza kidogo, kisha suruali nzima ikawa inacheza. Jasho lilimtiririka kutoka sikioni mpaka kwenye ukosi. Harufu ilianza kupanda kutoka sakafuni, harufu kavu ya kitu kinachoungua, na nikaitambua: ndiyo ile rangi ya buluu kwenye gunia la fundi, kabla haijawa rangi.

Nikafanya jambo ambalo mtu yeyote angefanya. Nilinyoosha mkono nimtolee gia.

Mdomo wa bunduki uliingia dirishani ukanigusa shingo. Ulikuwa na joto la jua.

"Rudisha huo mkono, mwana wa chuo."

Niliurudisha. Niliweka mikono yote miwili juu ya dashibodi, wala sikuhitaji kuambiwa ionekane. Tulikaa hivyo dakika thelathini na nane. Waliposogeza gogo na shemeji akauondoa mguu, klachi ilitoa mlio mwembamba, wa kwanza wa kaboni ile ya nne, ambayo ilikuwa na umri wa siku tatu.

Tulikwenda kama maili moja. Kisha nikalipuka.

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza ndiyo au la."

"Ungeeleza!"

"Nieleze nini, muthoni? Niseme kizuizi cha serikali kinakula klachi ya Haji? Na karani wa boma ameshika matumbo yake pale, anasikiza?" Alicheka kidogo, akilikanda goti kwa kiganja. "Na wewe ni ndugu ya mke wangu. Nikubishie mbele ya mbuzi?"

Usiku ule sikulala, niliandika. Niliandika ripoti ya pili, na hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, haikuwa na mchoro wala neno lililopigiwa mstari. Asubuhi ya Ijumaa nilimpelekea Haji. Aliisoma mara mbili, akanirudishia.

"Ya kwanza ulinipa nikaipeleka," alisema. "Hii ipeleke mwenyewe, mwanangu. Mimi nina leseni ya bucha."

Nikaenda bomani na koti langu. Bwana Shauri alikuwa kijana, hanizidi miaka mitano, pua imebambuka kwa jua. Alinikaribisha kiti. Wakati ule Mwafrika kukaribishwa kiti bomani lilikuwa jambo la kusimulia nyumbani, na kwa sekunde moja, Mungu anisamehe, nilifurahi. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa mezani kwake.

"Kazi safi," alisema kwa Kiingereza. "Natamani makarani wangu waandike hivi. Unajua, kulikuwa na watu waliotaka kumfunga katika kambi ya kizuizini kwa kuharibu gari makusudi. Karatasi hii imemwepusha. Dereva mbaya tu. Anarudi kwao leo mchana, mambo yamekwisha."

Nilimwambia nimekosea, nina nyingine. Nikaitoa mfukoni. Hakunyoosha mkono kuipokea.

"Kabla sijaisoma," alisema, "niambie inasema nini."

"Inasema mguu wake hauna kosa. Kizuizi ndicho kinachomlazimisha."

Alizungusha kalamu. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Basi nitalazimika kuuliza," alisema taratibu, "nani amekueleza kwamba vizuizi vya serikali vinaharibu mali za watu. Wewe hupandi magari ya miraa kila siku. Ni yeye amekueleza? Anawaeleza na abiria wengine? Unaona, dereva mbaya namrudisha kwao. Mtu anayezunguka akisema maneno kama hayo simrudishi kwao. Huyo anakwenda mbali zaidi." Sasa akanyoosha mkono. "Nipe, basi, kama unataka niisome."

Mkono wake ulikaa hapo juu ya meza, wazi, mweupe, na doa la wino kidoleni. Nimeutazama mkono huo kwa miaka zaidi ya ishirini. Nimeupa kila jibu ambalo mtu anaweza kulitoa. Nimeandika insha tatu kuhusu ujasiri, mojawapo inasomwa shuleni.

Siku ile nilikunja karatasi, nikairudisha mfukoni, nikasema asante.

Mchana shemeji alipakiwa kwenye lori la polisi pamoja na godoro lake. Dada yangu alikuwa amepanda naye, mimba na yote, maana alisema hakuolewa na muhuri. Aliniagiza nimtazamie kuku. Hakuniangalia usoni. Mtoto wao alizaliwa ndani ya uzio wa Kianjokoma, msimu wa baridi, baba yake akiwa kwenye handaki, na klachi ya Haji iliendelea kula kaboni mikononi mwa dereva mwingine, Mmeru halisi, mwenye pasi safi, mpaka Haji alipokata tamaa akarudisha ile iliyokuja na gari. Hakuna aliyeomba ripoti kuhusu huyo.

Shemeji alichimba mpaka handaki lilipokoma kuwa na maana kwa waliolitaka. Goti lake la kushoto halikunji vizuri. Yeye husema ni koleo. Mimi najua lilianzia wapi. Niliwahi kujaribu kumwomba radhi, kwenye sherehe ya mwanawe, baada ya chakula kama desturi inavyotaka. Alinikata maneno.

"Ulisema kweli, muthoni. Mguu ulikuwa wangu."

Nilikwenda nje nikapiga teke mti. Sijui kama alisema kwa huruma au kwa kisasi, na desturi hainiruhusu kuuliza.

Mwezi uliopita nilimchukua kwa gari langu kutoka Embu kuja Meru. Njiani kuna kizuizi, chenye misumari na bendera yetu wenyewe, na polisi kijana anayetafuna miraa. Tulisimama nyuma ya malori mawili. Polisi alikuwa bado mbali, hata hajatutazama. Nikasikia mkono wa shemeji ukipita kwenye paja langu, ukatoa gia, kisha ukanigonga goti.

"Toa mguu, msomi. Utachoma kaboni."

Niliutoa. Gari langu halina kaboni, lina beringi ya gololi, na ningeweza kumweleza tofauti yake kwa vipengele vinne. Lakini nilikuwa natazama usukani. Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu yake, juu kabisa, vidole vimenyooka ili vionekane. Hakuna mtu aliyekuwa ameniamuru.